Kibandiko Kilichohamia kwa Shemeji

Fundi wa cherehani ambaye wateja walimwita Pimamacho hakuhitaji futi. Ulisimama mlangoni, akakutazama mara moja, na suruali ikakukaa sawasawa. Ila figo zake zilikuwa zimegoma, na mara tatu kwa wiki alisafishwa damu kwa mashine hospitalini. Ndizi alikatazwa, maana zina potasiamu, nayo ikizidi kwenye damu misuli hulegea na moyo huweza kusimama. Naye alizipenda ndizi kuliko, Mungu amsamehe, baadhi ya ndugu zake.

Ijumaa muuguzi akambandika kidude kifuani. "Hiki kinasikiliza mapigo ya moyo na kukadiria potasiamu. Ikipanda, simu ya mkeo italia."

"Bila kugusa damu? Uongo huo."

"Na wewe unayepima suruali bila futi?"

Fundi akafunga vifungo vya shati, akaenda zake.

Jioni hiyo alikula ndizi moja nyuma ya mlango wa stoo. Simu ikalia, mkewe akatokea na mwiko. Fundi akaona maisha haya hayakaliki. Sebuleni alikuwapo shemeji yake, kaka wa mke, bonge la mtu mwenye afya ya kuchukiza, aliyekuja kutembea wiki moja na sasa ulikuwa mwezi wa tano, kazi yake kukoroma kwenye kochi. Fundi akamhonga ndizi mbili, kibandiko kikahamia chini ya fulana yake.

Namba zikawa nzuri ajabu. Jumapili muuguzi akapiga simu: "Mzee, mashine inasema moyo huu si ule iliouzoea. Kesho ukija kusafishwa tutaanza kwa kutoa damu tuipime."

"Moyo umefurahi tu," akajibu, huku akimenya ndizi ya saba.

Alipokaa kumalizia gauni la mkewe, miguu ikakataa kukanyaga cherehani. Haukuwa uchovu, miguu ilikuwa imelegea kama uzi uliolowa. Fundi akaogopa kweli. Akajikokota hadi kwenye kochi, akakibandua kibandiko pamoja na nywele za kifua, shemeji akapiga yowe la kuamsha mtaa. Alipojibandika tu, simu ya mkewe ikalia kama imechizika.

Hospitalini walimwahi. Muuguzi akamuuliza amekula ngapi.

"Saba," akasema, kwa mara ya kwanza bila kupunguza.

"Na mbili zangu," akaongeza shemeji, aliyembeba mgongoni njia nzima.

Mkewe hakucheka. Alikaa kando ya kitanda, simu mapajani.

"Siku mbili nimelala na hii simu chini ya mto," akasema. "Kila nikishtuka naangalia namba, nasema mume wangu mzima, nalala tena. Kumbe nilikuwa namlinda kaka yangu."

Fundi akamtazama vizuri, kama anavyowatazama wateja mlangoni. Gauni alilokuwa akimshonea lingempwaya. Mkewe alikuwa amekonda sana, na yeye hakuwa ameona.