Mstari Mmoja wa Kernel Uliomwaga Maji ya Kwedizinga

Aibu niliyoipata kijijini Kwedizinga nikiikumbuka natokwa jasho hadi leo, lakini hasira yangu inaizidi hiyo aibu, maana kosa lilikuwepo kweli na mimi ndiye niliyeliona!

Mimi na mwenzangu Elibariki, wote wa Korogwe, tulitengeneza kifaa cha kioski cha maji: kitufe cha kijani kinafungua bomba, chekundu kinafunga. Ndani kuna prosesa ndogo, ubongo wa kifaa, na kernel, ile programu ya chini kabisa inayozitawala nyingine zote, tuliyoiandika wenyewe. Sasa prosesa ina hali mbili, hali ya mamlaka ambayo ni ya kernel peke yake, na hali ya kawaida ya programu nyingine, na yetu ilikuwa haitoki kwenye mamlaka kamwe, kila programu imekuwa bosi! Wiki mbili namwambia Elibariki, wiki mbili ananijibu, "Zaina, si inafanya kazi? Iache."

Asubuhi ya uzinduzi nikaamua kurekebisha peke yangu. Mstari mmoja (mmoja tu!) wa kuishusha prosesa kwenye hali ya kawaida, nikabonyeza kijani pale mezani, valvu inayozuia maji ikafunguka, nikaridhika, safari. Chekundu sikukijaribu.

Huko Kwedizinga watu wamejaa, ndoo zimepangwa, tangi limejazwa kwa tabu siku tatu. Mwenyekiti wa kijiji akabonyeza kijani, maji hayo, vigelegele. Ndoo ikajaa, akabonyeza chekundu. Maji yanatoka. Akabonyeza tena kwa dole gumba, kwa nguvu. Yanatoka tu.

Nikaelewa palepale: mstari wangu niliuweka kabla ya ule unaoiruhusu prosesa kusikia kitufe chekundu (kijani kernel inakisubiri mwanzoni kabisa, bado ikiwa na mamlaka), na ikishashushwa haina tena ruhusa hiyo, wala hailalamiki, inanyamaza. Nikachomoa betri, valvu ikabaki wazi vilevile, maana ni ya mota, umeme ukikatika inabaki ilivyo. Koki ya mkono? Elibariki aliiondoa, eti inaharibu sura ya kifaa!

"Ndugu wananchi, tulieni," mwenyekiti akatangaza kwenye kipaza sauti, "mtaalamu anaendelea na maonyesho."

Maonyesho! Mtaalamu amepiga magoti kwenye tope, kavua mtandio anausokomeza kwenye bomba, na bomba linamtemea usoni. Bibi mmoja akanisogelea na ndoo yake tupu.

"Shikamoo bibi," nikasema (mazoea hayo).

"Marahaba. Mwanangu, kwenu mnakunywa nini?"

Tangi likaisha, na Elibariki, mkavu kabisa, akawaambia watu, "Nilimwambia asiguse."

Kesho yake nikaushusha ule mstari chini ya mwenzake, nikarudisha koki, tukalijaza tangi kwa gari la maji, na kifaa kinafanya kazi hadi sasa, kila programu kwenye nafasi yake. Nimeapa, siku ya wageni sigusi kernel, na kinachofunguka sitakiamini mpaka nikione kimefunga. Ila shukrani je? Tukifika Kwedizinga, Elibariki anaitwa mtaalamu. Mimi wananiita Mama Mafuriko.