Breki kwenye Kona ya Zimamoto

Kwa miaka kumi na tisa hakuna mgeni wa bustani ya burudani ya Merriway aliyewahi kuuona uso wa Wanda Thigpen, ingawa karibu wote walimpungia mkono. Walikuwa wakimpungia Kobe. Wanda alikuwa tumboni mwa Kobe, gari la gwaride lenye umbo la kobe mkubwa, amekunja magoti, feni ndogo ikimpuliza shingoni, akiliendesha dude lile la tani sita kwa kuchungulia kwenye tundu lililofichwa chini ya kidevu.

Udereva alizaliwa nao. Baba yake alisomba machungwa katika kaunti ya Polk, na Wanda akiwa na miaka kumi na miwili tayari alirudisha trela nyuma kati ya mistari ya michungwa bila kugusa tawi. Baridi ilipoiua michungwa, baba akauza lori, na binti baada ya kuhangaika huku na huku akaishia kufagia bisi zinazomwagwa na wageni wa Merriway. Siku moja dereva wa Kobe alizimia kwa joto. Wanda akaweka ufagio chini, akaingia. Hakutoka tena.

Sasa wakubwa waliamua kwamba Gwaride la Mito, lile la Kobe, limechuja. Kobe akapelekwa ghalani, likaja Gwaride la Manyoya, na mbele kabisa Tausi mwenye mkia mrefu kama nyumba. Kila dereva alipimwa upya: mizunguko mitatu bila kosa. Ukikosea hata mmoja, unahamia kwenye treni za kuvuta wageni kutoka maegesho ya magari. Ni kazi ya halali, lakini hakuna mtoto anayepungia treni ya maegesho. Wanda alikuwa na miaka hamsini na minane na alikuwa amepita mizunguko miwili. Wa tatu ulikuwa Jumamosi hiyo, saa tisa alasiri, mbele ya watu.

Na watu wenyewe walikuja wamenuna. Wateja wa tiketi za mwaka wanajulikana: wanakuja kila wiki, wanawajua wachezaji kwa majina, na kitu chao kikibadilishwa wanaomboleza kama wamefiwa. Walikuwa wamevaa fulana za Kobe na utepe mweusi mkononi.

“Mama, umewaona?” Marisol alimwuliza kupitia mlango mdogo kabla haujafungwa. Marisol Quiñones, mzaliwa wa Ponce, ndiye aliyetembea kando ya gari la Wanda miaka yote kulinda watu wasisogee. “Wamevaa matanga kabisa. Tungewapikia wali.”

“Wewe unakaa upande gani leo?”

“Kulia. Wanasema mkia unapepesuka kulia. Kushoto una kamera yako.”

“Hiyo kamera siipendi.”

“Hata mume wako ulikuwa humpendi, ukakaa naye miaka thelathini. Haya, nenda.”

Tausi hakuwa na tundu. Alikuwa na skrini, na ndani ya skrini dunia ilikuwa ndogo na safi mno. Wanda alishika usukani. Sikioni alimsikia Brent Colquitt, meneja wa maonyesho, kijana mpole mwenye tabia ya kuhesabu kwa sauti. “Tausi, twende. Polepole. Vizuri, Bi Wanda.”

Akapita duka la peremende. Akapita daraja. Ukingo wa barabara ulikuwa karibu, na mkia ulikuwa na akili zake. Mbele ikaja kona ya kituo cha zimamoto.

Kona hiyo inahitaji maelezo kidogo. Katika gwaride la zamani, Kobe alisimama hapo. Tarumbeta ikinyamaza tu, wachezaji walishuka, wakawavuta watu kutoka kwenye ukingo, wakacheza nao kwa hesabu kumi na mbili za muziki. Kuna waliochumbiana hapo. Katika gwaride jipya hakuna kusimama: Tausi anapinda, anapita. Wanda alikuwa amelikariri hilo mpaka usingizini.

Tarumbeta ya wimbo mpya ikanyamaza. Mguu wa kulia wa Wanda ukakanyaga breki.

Tausi akasimama kwa mshtuko. Nyuma yake, gari la Korongo likafunga breki, likabaki mkono mmoja tu kutoka kwenye mkia.

“Tausi, kwa nini umesimama?” Brent akasema. “Tausi! Huna kituo hapo!”

Wanda akatazama skrini. Barabara tupu. Mazoea yana taabu, na mazoea yake yamemtoa kazini mbele ya umati. “Samahani,” akasema, “naondoka.” Akaanza kuinua mguu.

Ubavu wa Tausi ukapigwa ngumi mbili, ishara ya hatari. Kisha sauti ya Marisol, aliyechungulia upande wa pili, kali: “Usisogee! Wanda, usisogee, kuna mtu chini ya shingo!”

Alikuwa Delbert Hatcher, mzee wa miaka themanini na moja, aliyecheza kona ile na mkewe kila Jumamosi mpaka mkewe alipofariki, kisha akacheza peke yake. Tarumbeta iliponyamaza alishuka kwenye ukingo kama alivyozoea, mikono tayari imefunguliwa. Hakuna aliyemvuta. Alikuwa amesimama upande wa kushoto, gurudumu likiwa nusu hatua kutoka kwenye kiatu chake, akishangaa wachezaji wako wapi.

Gwaride lilipoingia uani, Wanda alishuka. Marisol akamvuta pembeni kabla Brent hajafika.

“Sikiliza, shoga. Atakuuliza kama ulimwona. Sema ulimwona. Basi, umeokoa mtu, kiti ni chako.”

“Sikumwona.”

“Nani kakuuliza hilo? Msema kweli mpenzi wa Mungu, najua, lakini Mungu si meneja wa maonyesho.”

Brent akaja, uso mweupe, karatasi mkononi. “Bi Wanda, niambie tu ulimwona yule mzee. Niandike hivyo, tumalize.”

Alikuwa anamtengenezea njia, na Wanda aliiona. Akaiona pia ile skrini tupu. Akafikiria dereva mwingine, Jumamosi nyingine, mtu asiye na miaka kumi na tisa ya Kobe mguuni.

“Sikumwona, mwanangu. Kamera yako haioni kushoto pale Tausi anapopinda. Nilifunga breki kwa sababu Kobe alikuwa anasimama. Ni mguu tu.”

Brent akaitazama karatasi yake. “Mguu huohuo ukisimama pasipo na mtu, Korongo atakupanda mgongoni.”

“Najua.”

“Nikiandika hivyo, unajua maana yake.”

“Andika. Lakini ya kamera iandike kwanza.”

Marisol akalaani kwa Kihispania, akageuka asionekane akilia.

Wiki tatu baadaye, Wanda, amevaa fulana ya maegesho, alitumia mapumziko yake ya chakula kwenda kona ya zimamoto na mfuko wa karanga za kuchemsha. Iliuma kusimama upande wa wageni, na hakuona sababu ya kujidanganya kwamba haiumi. Tausi akatokea darajani, na kamera ya pili chini ya bawa la kushoto. Ratiba nayo ilikuwa imebadilishwa: kusimama kona ya zimamoto, hesabu kumi na mbili. Mzee Delbert alikuwa amesimama ukingoni, mikono tayari.

Tarumbeta ikanyamaza. Tausi akasimama. Kwenye lami, kati ya maganda ya karanga, mguu wa Wanda ulikuwa umekwisha kukanyaga breki isiyokuwepo.