Bendera Mbili Upande wa Kaskazini

Ushindi pekee ambao timu ya kijani ilipata msimu ule niliutangaza mimi, askari wa getini, nikiwa nimevaa koti jeupe la kuazima juu ya sare ya kampuni, na bendera nyeupe moja katika kila mkono. Hakuna mwingine pale uwanjani aliyekuwa na haki ya kuutangaza. Nilipoziinua bendera zote mbili, wanaume wazima wenye ndevu walijitupa kwenye nyasi wakalia. Nilipoziteremsha, tayari nilikuwa na swali ambalo sijalijibu hadi leo.

Nilifika Doha kutoka Nakuru miaka ile ambayo mji mpya wa Lusail ulikuwa bado mchanga, kreni, na mabango yenye picha za majumba ambayo hayakuwepo. Kampuni ilinipanga kwenye shule moja ya kimataifa, mwendo mfupi kwa basi kutoka mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, tulikoishi wanawake sita katika nyumba ya vyumba viwili. Siku za masomo nilikagua mifuko na kuandika nambari za magari. Ijumaa shule ilikodisha uwanja wake, nami nilikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya goli la kaskazini kulinda geti dogo linalotokea barabarani. Kitabu cha matukio kilikuwa magotini muda wote. Nilikuwa na sifa moja kazini: kilichotokea mbele yangu kiliandikwa, na saa yake.

Ijumaa alasiri, miezi ya baridi, walikuja Waaustralia na mpira wao.

Mchezo ule unaitwa mpira wa miguu, ingawa mikono hufanya kazi nyingi zaidi. Mpira ni mwekundu, umechongoka ncha mbili kama papai, na ukidunda hakuna ajuaye utaelekea wapi. Kila upande wa uwanja kuna milingoti minne iliyosimama wima, haina mwamba wa juu. Ukiupiga mpira ukapita kati ya ile miwili mirefu ya katikati, ni goli, alama sita. Ukipita kati ya mrefu na mfupi, ni alama moja ya kukupoza. Halafu ipo sheria ambayo mtu aliyekulia kwenye soka huikubali kichwani lakini moyoni inamkwama: mpira ukiugusa mlingoti mrefu, hata kwa wembamba wa ukucha, hata kama umepita ndani, goli limekufa. Ni alama moja tu.

Anayeamua hayo ni mtu wa koti jeupe anayesimama chini ya milingoti. Bendera mbili ni goli. Bendera moja ni alama moja. Mwenzake wa upande wa pili humjibu kwa bendera zilezile, kisha kila mmoja anaandika kwenye kadi yake. Mwisho wa mechi kadi mbili zikilingana, hayo ndiyo matokeo.

Uwanja wetu ulikuwa wa soka, kwa hiyo milingoti ililetwa kila Ijumaa juu ya paa la gari. Yalikuwa mabomba marefu ya plastiki nyeupe, yaliyotolewa kwenye ujenzi wa Lusail na nahodha wa timu ya kijani, mhandisi mrefu mwenye shingo nyekundu na sauti iliyokauka. Aliyavika juu ya vyuma vifupi vilivyochomekwa ardhini. Upepo ukivuma, bomba lilicheza kwenye chuma chake na kugonga: ko. Baada ya wiki mbili masikio yangu yaliacha kuusikia mlio huo.

Timu zilikuwa nne mjini, na ya kijani ilikuwa ya mwisho. Mimi niliichagua kwa sababu benchi lao lilikuwa karibu na kiti changu, na kwa sababu walikuwa wa kwanza kunisalimia. Nilikuwa nawarudishia mpira uliopita getini, na kwa kuwa nilikuwa na kitabu na kalamu, nikaanza kuandika magoli yao katika kurasa za nyuma. Kufikia mechi ya tatu nilijua ugonjwa wao kuliko wao wenyewe. Mchezo una robo nne. Robo mbili za kwanza walikimbia vizuri. Robo ya tatu walicheza kama watu waliokumbuka wameacha jiko likiwaka nyumbani. Kila Ijumaa, robo ya tatu.

Mwenzangu wa lango kuu, Mzanzibari mpole mwenye ulimi usio mpole, alikuwa akinisubiri tukabidhiane zamu.

"Dada, wamepigwa tena?"

"Themanini na tatu kwa arobaini."

"Themanini? Hawa wanacheza mpira au wanahesabu mayai?"

"Robo ya kwanza waliongoza, kaka."

"Robo ya kwanza hata mimi ningeongoza na kanzu yangu. Nambie ya nne."

Katikati ya msimu mzee aliyekuwa akiwapungia bendera upande wetu alimaliza mkataba akarudi kwao. Nahodha alikuja kwenye kiti changu.

"Nasikia unaandika," alisema. "Wiki iliyopita robo ya tatu tulifungwa ngapi?"

"Magoli matano na alama tatu. Matatu yalitoka kwa yule mfupi wa namba tisa, mnayemwacha peke yake kila mara."

"Na wiki ya kabla ya hiyo?"

Nikafungua ukurasa nikamsomea. Aliondoka, akarudi na koti jeupe na bendera mbili. Msimamizi wangu alikubali kwa masharti: geti dogo lifungwe kwa kufuli, redio iwe mfukoni, nisitoke upande wa kaskazini. Timu nyingine hazikupinga. Desturi yao ni kwamba kila timu hutoa mtu mmoja wa bendera, na mtu huyo anaaminiwa hata dhidi ya timu yake. Nililipenda jambo hilo. Kazini nilikolipwa, hata chupa yangu ya maji ilikaguliwa.

Wao wana desturi nyingine. Kila timu ina wimbo wake, lakini wimbo huimbwa baada ya kushinda tu. Ukishindwa unawapigia makofi wapinzani, unakaa kimya, unakunja soksi. Timu ya kijani ilikuwa na wimbo ambao sikuwahi kuusikia.

Zilipobaki wiki mbili, nahodha aliwakusanya wachezaji kwenye nyasi, hatua chache kutoka kwangu, akazungumza bila kupandisha sauti. Hakuna mgeni anayefika Doha, alisema, anayetaka kujiunga na timu isiyoshinda. Wachezaji walikuwa wamepungua hadi wakawa wanaazima watu wa timu nyingine. Msimu ukiisha bila ushindi hata mmoja, timu mjini zitakuwa tatu, nao watagawanywa.

Baadaye nilimuuliza, "Na mimi?"

"Wewe timu yoyote itakuchukua."

"Sijauliza timu yoyote."

Alicheka, akarudi kwa wenzake. Ijumaa iliyofuata walipoteza tena. Ikabaki moja.

Siku ya mechi ya mwisho upepo wa kaskazini-magharibi ulianza mapema. Vumbi lilipita juu ya uwanja, na mabomba yaligonga vyuma vyake tangu robo ya kwanza. Wapinzani walikuwa timu ya yule mfupi wa namba tisa; nahodha alimweka mtu wa kumfuata popote alipokwenda, na robo ya tatu, kwa mara ya kwanza, hawakuanguka. Mzanzibari aliacha lango kuu kwa mwenzetu mwingine akaja kusimama nyuma ya waya.

"Nimekuja kuona mayai," alisema.

King'ora cha mwisho kilipolia tulikuwa nyuma kwa alama tatu, hamsini na mbili kwa arobaini na tisa. Lakini mpira ulikuwa mikononi mwa mwalimu wa hesabu wa shule ileile, aliyekuwa ameudaka hewani sekunde moja kabla. Sheria yao inasema mtu aliyedaka kabla ya king'ora anaruhusiwa kupiga. Hivyo muda ulikuwa umekwisha na mechi haijaisha. Akilenga kati, tunashinda kwa alama tatu. Akikosa, timu ya kijani haipo tena.

Alipiga. Mpira ulipanda juu, upepo ukausukuma kuelekea mlingoti wa kushoto, na mimi nikakimbia kusimama chini yake kama nilivyofundishwa. Ulipita ndani, juu sana, ukiwa karibu sana na bomba. Haukubadili njia. Hilo nililiona na ningeliapia mahali popote. Nikasikia: ko.

Refa alipaza sauti kwamba njia ni safi, maana yake niamue. Nikanyoosha vidole viwili mbele, ishara ya goli, nikachukua bendera, nikainua zote mbili. Wa upande wa pili akanijibu kwa mbili. Hapo ndipo kelele zilipoanza, na hapo ndipo bomba lilipogonga tena, ko, na mpira ulikuwa barabarani.

Nitasema ukweli kuhusu kosa langu, kwa sababu nalijua vizuri. Si kwamba nilisikia mlio nikaupuuza ili timu yangu ishinde. Nilipousikia nilifurahi. Nilikulia pembeni mwa viwanja vya Nakuru, ambako mpira ukigonga mlingoti ukaingia ndani ni goli tamu kuliko yote. Mikono yangu ilikuwa hewani kabla sijajiuliza swali ambalo koti lile lilinitaka nijiulize.

Waliimba. Walisimama duara, mikono mabegani, na ikadhihirika kwamba nusu yao hawajui maneno. Nilisubiri wamalize. Kisha nikaichukua kadi yangu, ambayo ililingana na ya mwenzangu, nikaenda nayo kwa manahodha wote wawili pamoja.

"Kabla hamjatia sahihi," nilisema, "mpira ulipopita nilisikia mlio kwenye mlingoti."

Shingo ya nahodha wetu iliacha kuwa nyekundu. Nahodha wa wapinzani, mtu mnene aliyechafuka mchanga hadi kwenye kope, aliniuliza, "Uliuona ukigusa?"

"Hapana. Niliona haukubadili njia."

"Basi mlio ulikuwa wa nini?"

Bomba liligonga, ko, sote watatu tukalitazama. Akacheka, akachukua kalamu yangu, akatia sahihi.

"Dada," aliniambia Mzanzibari getini, "hivi ulikuwa unawasaidia au unawafilisi?"

"Nilikuwa naripoti."

"Ripoti nyingine husubiri kwanza watu washibe."

Msimu uliofuata timu zilikuwa nne, na wageni watano walijiunga na ya kijani. Nilipunga bendera zao miaka miwili zaidi.

Lakini jioni ile nilisaidia kulaza mabomba. Rangi ya mpira ule huambukiza kila unachogusa, na bomba la kushoto lilikuwa na alama nyekundu. Mbili zilikuwa chini, za kawaida, ambako watu hupiga mpira wakijipasha misuli. Ya tatu ilikuwa karibu na ncha ya juu. Nahodha aliiona wakati uleule nilipoiona mimi. Alinitazama, nami nikamtazama, akaendelea kufunga kamba.

Nilikuwa nakagua mifuko, magari, kufuli na vitambulisho. Kukagua milingoti kabla ya mechi hakukuwa kwenye orodha yangu, kwa hiyo sikujua kama alama ile ilikuwepo tangu mwanzo. Niliiandika ilivyo: nyekundu, upana wa vidole vitatu, upande wa ndani. Kwenye safu ya saa niliandika kwamba haijulikani.