Bangili ya Kupimia Unono

Fundi wa baiskeli alikuwa anakata bangili ya shaba mkononi mwangu kwa msumeno wa chuma, na mimi sikusikia uchungu. Mkono ulikuwa umegeuka rangi ya maini. Nilikuwa nimelala kitandani hospitalini, muuguzi mmoja ameshika kiwiko, mwingine anamwagia shaba maji isipate moto. Asubuhi hiyo kifafa cha mimba kilikuwa kimenitupa, ulimi nimeuuma mpaka haugeuki vizuri. Bangili ikakatika, ikalia sakafuni. Nikauliza, "Mtoto wangu yuko wapi?"

Fundi, mwanamume mzima, akakusanya vyombo vyake akatoka bila kuniangalia. Hapo nikajua.

Alikuwa msichana. Sikuoneshwa.

Sasa nirudi nyuma, maana huko Malaba hadithi hii husimuliwa kwa uongo. Majina siandiki. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu tu, lakini watu nawajua, na wenyewe watajijua: mamamkwe wangu, mume wangu wa siku zile, na dresa, yule msaidizi aliyetibu watu kwenye dispensari yetu.

Nyumba ile, kila mke alivalishwa bangili ya shaba akiolewa. Hiyo ndiyo ilikuwa mizani ya mamamkwe. Jumapili tukitoka kanisani alikushika mkono mbele ya wageni, akaizungusha. Ikikaza, vigelegele. Ikicheza, aibu, watu watasema mwanawe halishi mke. Yangu ilikuwa inateleza mpaka kwenye kiwiko.

"Huu ni mkono ama ni mwiko?" alikuwa anauliza. "Mwanangu ameoa kifaa cha jikoni."

Wageni wanacheka, mimi naangalia chini.

Nikapata mimba. Ilipokaribia kutimia, bangili ikaacha kuzunguka. Uso ukajaa, miguu ikajaa, viatu vikakataa kuingia. Mamamkwe akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Mume wangu alikuwa mtu wa magendo, anavusha sabuni na chumvi kwenda ng'ambo ya Uganda, anarudi na kahawa. Alitaka watu waone biashara imekubali. Akanipeleka stoo ya pamba, akanisimamisha juu ya mizani katikati ya magunia.

"Ongeza jiwe! Ongeza!" vijana wa stoo wakapiga kelele. "Boss, huyu si mke, hii ni kahawa ya magunia mawili!"

Mume wangu alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi kichwa kilikuwa kinapasuka, na mbele ya macho naona cheche.

Nikaenda kwa dresa nikamwambia habari ya kichwa na cheche. Akanipandisha kwenye mizani, naye vilevile. "Mama, umenona hivi na bado unalalamika? Wenzako wanautafuta huu mwili." Akanipa vidonge vya kichwa. Mguu hakuushika. Kipimo cha presha kilikuwa kinaning'inia ukutani nyuma yake, hakukigusa.

Halafu mama yangu akaja kutoka kwetu Moding, amebeba karanga na unga wa wimbi. Aliniona uso, akasahau hata kusalimu. Akanikalisha, akabonyeza muundi wangu kwa kidole gumba. Kidole kilipotoka, shimo lilibaki, kama mtu amebonyeza unga uliokandwa.

"Mkwe," akamwita mamamkwe, "njoo ubonyeze mwenyewe. Huyu hajanona. Haya ni maji. Apelekwe hospitali leo, na hiyo bangili itoke."

Mamamkwe akainama. Akabonyeza. Shimo likabaki. Niliona macho yake, aliliangalia. Kisha akalisugua kwa kiganja, akasugua mpaka likapotea, kama mtu anayefuta uji uliomwagika mezani kabla wageni hawajaingia.

"Mama, kwenu hamjazoea kuona mtu ameshiba," akasema. "Usimwonee mtoto wako wivu."

Mama yangu akafukuzwa hata chai hajanywa. Nilisimama nimfuate. Mamamkwe akanishika, na aliponishikia ni kwenye bangili.

Juma hilohilo nikaanguka jikoni. Walinifunga kwa leso kwenye mgongo wa kijana wa baiskeli ya boda nisidondoke njiani, ndipo nikafika hospitalini, wakamwita yule fundi na msumeno wake.

Maji yalipotoka mwilini, mkono ulirudi kuwa mwiko uleule. Sista wa wodi akanifinya nyama ya nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, kwa vidole viwili. Hakukuwa na kitu cha kushika. "Mafuta hukaa hapa, mama," akasema. "Mwanamke anayahitaji kiasi, kila mmoja na kiasi chake. Wewe ulikuwa umekonda ndani ya maji. Mizani haijui inapima nini." Akaniambia mafuta ukiyabonyeza yanarudi, maji yanaacha shimo. Jambo dogo hivyo. Dresa aliyasomea haya.

Unajua walisema nini Malaba? Eti mama yangu ana jicho baya. Alimshika mwanawe mguu, na juma hilohilo mjukuu akafa. Akipita sokoni, wanawake wakawa wanafunika watoto wao kwa leso. Mama aliyejaribu kuniokoa alizikwa na jina la mchawi.

Dresa alipandishwa cheo. Mume alioa mwingine, naye akavalishwa bangili. Mamamkwe bado yuko, mzee kabisa, Jumapili anakalishwa benchi la mbele. Nimemwona. Sasa mwiko ni mkono wake yeye, na hakuna anayemzungushia kitu. Nilifurahi, nasema wazi.

Lakini hainitoshi. Wala sitaki aniombe msamaha. Nataka asimame hapo kanisani kabla hajafa, mbele ya wale waliofunika watoto wao, amsafishe mama yangu, kisha anijibu mimi. Kidole chako kiliingia. Shimo uliliona. Kwa nini ulilifuta?