Mkia wa Glovu ya Kushoto

Enzi zetu tulipokuwa wadogo Biryogo, mtoto akiugua alikuwa anaugua kweli. Najua mnaanza kucheka. Mnasema huyu ana miaka kumi na sita, hata ndevu bado anazisubiri, enzi zake ni zipi? Ni mwaka wa tisini, mabwana. Imepita miaka mitatu tu, lakini nikiwaangalia watoto wa siku hizi wa uchochoro wetu, asubuhi wanakohoa ili wasiende shule na mchana wanashindana kukimbia, najiona mzee wa kuombwa dua.

Mimi niliugua manjano, ugonjwa wa ini. Macho yalikuwa kama ndizi iliyoiva, mkojo kama chai ya rangi. Daktari wa zahanati alimwambia Papa: asikimbie, asiruke, asile mafuta mpaka macho yarudi meupe. Halafu akanitazama kwa huruma, kana kwamba alijua nyumba yetu imepakana na mchoma mishikaki. Kila jioni moshi wa nyama ya mbuzi ulikuwa unaingia dirishani bila hodi, na mimi nimekaa kwenye mkeka na viazi vya kuchemsha visivyo na hata tone la mafuta. Mnaokumbuka harufu ile mtanionea huruma. Wengine basi.

Papa ni fundi cherehani. Alikuwa anashonea barazani kwetu, kama mafundi wote wa mtaa ule. Kila asubuhi ananiita, ananigeuza uso kwenye jua, anavuta kope langu chini kwa kidole gumba chenye harufu ya mafuta ya mashine.

"Bado," anasema, anarudi kwenye pedali.

Hiyo ndiyo ilikuwa hospitali yangu.

Shida yangu kubwa haikuwa ini. Ilikuwa goli. Mimi ndiye niliyekuwa golikipa wa uchochoro wetu, na nilipolala tu nafasi yangu ikachukuliwa na Kazungu, mtoto wa jirani, ambaye mpira ukija alikuwa anafumba macho. Lakini kaka yake alifanya kazi gereji, akampa glovu za ngozi za kuchomelea vyuma. Zilimfika kwenye viwiko. Siku moja kapteni wetu Abdu akaja dirishani kunijulia hali, anakula muwa mbele yangu bila aibu.

"Yewe, unapona lini?"

"Nikipona narudi golini."

"Ah, bwana. Kazungu ana glovu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunacheza na wale wa juu, wa Nyamirambo. Siwezi kuweka golikipa wa mikono mitupu mbele ya wale."

"Kazungu anafumba macho!"

"Anafumba, lakini ana glovu."

Akatema makapi ya muwa, akaenda zake. Huyo ndiye rafiki.

Mle ndani nilikuwa nashinda na Bibi, mama yake Papa. Kazi yake ilikuwa kufuma soksi za watoto wachanga. Hakuna mtoto aliyezaliwa uchochoro wetu bila kuvalishwa soksi za Bibi, mimi nikiwemo, na Kazungu pia, ingawa yeye hakustahili. Sufu hakununua dukani. Alikuwa anakwenda chaguwa, kwenye lundo la nguo kuukuu, anachagua sweta lililotoboka viwiko, analifumua, anauosha uzi kwa maji ya moto ili unyooke, anauanika umefungwa jiwe kwa chini. Sindano zake zilikuwa spoku za baiskeli zilizonolewa kwenye sakafu ya saruji.

Siku ya kwanza alinipa sweta jekundu nilifumue. Nikaanzia chini, kwenye pindo. Uzi ukakwama. Nikavuta, ukakaza. Bibi akaniangalia mpaka nikatoka jasho.

"Unaanzia kwenye kuanza," akasema. "Nani kakwambia? Kitu cha kufumwa kinafumuka kuanzia pale mfumaji alipomalizia. Tafuta shingo."

Nikatafuta shingo, nikakata uzi mmoja, sweta likaanza kukimbia lenyewe, trrr, trrr, safu kwa safu. Ilikuwa raha kuliko mpira. Karibu.

Basi akanifundisha. Soksi ya kwanza ilifanana na pua ya tembo. Ya pili ilifanana na soksi ya mtu uliyekosana naye. Papa alipoingia kuchukua mkasi akanikuta na spoku nne mkononi, ulimi nje.

"Mama, huyu ni mwanamume."

"Na wewe unashona nini hapo nje? Magauni."

"Ile ni mashine!"

"Basi mletee yeye mashine."

Papa akachukua mkasi akatoka. Ndivyo ilivyokuwa kwetu: mwanamume anaweza kukaa barazani anaweka malinda kwenye gauni la bibi harusi, mtaa mzima unapita, ni heshima. Akishika spoku za kufumia, watu wanauliza kama amejifungua.

Nikiwa katika soksi ya tatu ndipo akili ikanifunguka. Glovu ni nini? Ni soksi kubwa yenye kidole gumba. Nikamwambia Bibi. Hakucheka. Alipima mkono wangu kwa uzi, akanionyesha mahali pa kuacha tundu la gumba. Unaanzia kwenye kifundo, unapanda mpaka ncha za vidole, unafunga. Glovu ya kulia tulimalizia pamoja. Pale nchani akachukua sindano ya kushonea, akaupenyeza mkia wa uzi ndani, akaurudisha, akaupenyeza tena.

"Ficha mkia. Usipouficha, utakutoa."

Wiki ya mechi ikafika. Kila asubuhi najipeleka mwenyewe juani. Bado. Bado. Ijumaa Papa akavuta kope, akavuta la pili.

"Meupe. Lakini ukikimbia sana nakurudisha kitandani kwa fimbo."

Golikipa hakimbii, nikamjibu. Tatizo glovu ya kushoto ilikuwa nusu. Jumamosi Bibi alikwenda kwa mwanamke aliyejifungua, kupeleka soksi, na mimi nikabaki nafuma kama ninayefukuzwa. Nilipofika nchani, Abdu anapiga mluzi nje. Nikafunga fundo moja, mkia ukabaki unaning'inia, nikatoka.

Kazungu akaziangalia glovu zangu. "Hizo ni za mtoto wa kuzaliwa lini?"

Abdu akazivaa, akakamata mpira. Mpira wetu ulikuwa karere, majani makavu ya mgomba yaliyosokotwa na kufungwa kamba. Kwenye glovu za ngozi za Kazungu uliteleza. Kwenye sufu ulinata. Abdu akasema nianze mimi, nikifungwa moja tu natoka.

Moja tu. Nyinyi mliokuwepo mnakumbuka. Niliokoa kwa mkono wa kulia mara mbili. Halafu ukaja mpira wa juu, nikaudaka kwa kushoto, nikaurusha mbali. Ukaenda, na uzi mwekundu ukaenda nao. Kamba ya karere ilikuwa imenasa mkia.

"Inafumuka!" mtu akapiga kelele. Mkononi nasikia trrr, trrr. Mpira ukamfikia mshambuliaji wao, yule mrefu, akageuka nao kuja kwangu, na glovu yangu inaisha, vidole vimeshatoka nje kama vya mtu anayeomba. Golikipa mwenye akili angejipanga golini. Mimi niliuonea uchungu uzi wangu. Nikauvuta. Yule mrefu akainua mguu apige shuti, mpira ukaruka pembeni kunifuata mimi, yeye akapiga hewa akakaa chini.

Ugomvi wake ulikuwa wa kihistoria.

"Ana kamba! Golikipa gani ana kamba?"

"Si kamba," Abdu akajibu, "ni glovu. Iko ndefu tu."

Walibishana mpaka adhana ya magharibi ikatutawanya, bila bila. Sikufungwa hata moja, na nafasi yangu nikabaki nayo. Nilirudi nyumbani na bonge la uzi mkononi. Bibi akalitazama, akanitazama.

"Mkia?"

"Mkia, Bibi."

Siku hizi watoto wanachezea mpira wa plastiki wa sokoni. Ukirusha unaenda, haukudai kitu. Wakiugua wanapewa kidonge, na shati likichanika wanaomba jingine. Mimi nina glovu za dukani, na Abdu kahamia Masaka. Bibi macho yamempotea, haya ya kwake hakuna anayesema "meupe". Soksi za wachanga wa uchochoro nazifuma mimi sasa, mlango umefungwa, Papa anajifanya haoni. Nikimaliza nampa Bibi akague. Anapitisha kidole nchani, polepole, mpaka anaukuta uzi unaoning'inia.

"Wewe mtoto! Ficha mkia!"

Kila mara namwachia kidogo, aukute.