Alama Ndani ya Kifuniko

Fundi saa alikuwa na desturi yake ya kazi. Kila saa aliyoifungua, aliichorea alama ndani ya kifuniko kwa ncha ya sindano: nukta tatu, mkia na mwaka. Mteja akija juu kwamba saa yake haijawahi kuguswa, fundi hufungua kifuniko tu na mabishano yakaisha.

Mwaka wa nne sasa alikuwa akienda kituo cha utafiti wa uzee na ugonjwa wa kusahau. Walimtoa damu, wakampiga picha ya ubongo, wakamtajia maneno kumi ayarudie. Alikwenda kwa mbwembwe, akiwatania watafiti kwamba watazeeka kabla yake. Mkewe alihojiwa chumba cha pili. Huko, fundi aliwaambia wateja, ni soga tupu.

Safari hii mtafiti alitoka kidogo, akaacha faili mezani. Fundi hakujivunga. Alitoa lenzi yake ya kazi mfukoni akasoma maneno ya mkewe. Anauliza jambo moja mara tano. Amepotea njia ya dukani mara mbili. Saa zinazomshinda kuzifunga nazipeleka kwa fundi mwingine kwa siri. Naona duka lifungwe.

Damu ilimchemka. Miaka thelathini na minane ya ndoa, kumbe analala na mtu anayemwanika kwa wageni, na sasa anataka kumnyang'anya duka!

Alitoka na faili mkononi, akamkuta mkewe kwenye benchi la korido, amempakatia koti lake.

"Usoni unanichekea, nyuma unaniuza," alimwambia. "Mimi nimekukosea nini, mama watoto?"

Mkewe alilichukua faili taratibu, akalifungua ukurasa wa mwisho. "Soma na hapa, baba watoto."

Ilikuwa karatasi ya mwaka uliopita. Chini yake, kwa mwandiko mdogo wa mtu aliyezoea kuandika ndani ya saa, palikuwa na maneno haya: Nimesomewa yote, ni kweli. Muulizeni mke wangu. Mimi nitakataa.

Kisha nukta tatu, mkia na mwaka.

Fundi aliitafuta siku hiyo kichwani, asiione. Akausogeza ule mkia karibu na lenzi. Hakuna mtu mwingine aliyeuweza.

"Nilikasirika?"

"Kama leo," mkewe akasema.

Fundi alikaa kando yake, akautazama mkono wake mwenyewe wa kulia kwa uchungu.

"Basi hata huu umenigeuka."