Nilisafisha jalala Kawajense likawa bustani, adabu yangu ikaniponza

Wakuu, salaam. Nabonyeza simu kwa kidole kimoja na shule niliishia la tatu, mtanivumilia. Haya nimeyaishi, sikuhadithiwa.

Jirani na kwangu hapa Kawajense kuna kiwanja cha jamaa aliyehamia Dar. Lilikuwa jalala. Pampasi, chupa, nyoka.

Nikaenda kuomba kwa dada yake, Mama Jeni, tupo naye mtaa mmoja. Akampigia kaka yake, jibu likaja: "Alime tu mzee, anifukuzie nyoka."

Nikasafisha mwenyewe. Nikachimba kisima kwa mikono hii. Samadi nikaisomba kwa mkokoteni kutoka Kabungu, kwa shemeji yangu mfugaji. Nikaweka mchicha, chainizi, nyanya. (Mahindi hapana, mjini wanakataza.)

Wenye digrii walipita wananicheka: "Mzee wa jalala!"

Kiangazi kilipokolea, hao hao wakaja na vikapu.

Sasa hapa ndipo nilipojimaliza.

Mimi Msukuma nimelelewa hivi: ukilima ardhi ya mtu, mavuno ya kwanza yanaenda kwa mwenyewe. Siyo kodi, ni adabu. Basi kapu la kwanza kila mara kwa Mama Jeni, nyanya nachagua zile kubwa.

Siku moja akaniambia, "Baba, twende nipige picha kaka aone."

Nikasimama na jembe, kifua mbele, nacheka kama bwana harusi.

Kumbe picha ile ndiyo dalali. Miaka yote kiwanja kilikuwa kinauzwa, wanunuzi walikuwa wakifika, wakiona taka wanageuza pikipiki.

Mwenye kiwanja akatua na mnunuzi. Wakasimama kwenye kisima changu. Nikaomba kitu kimoja tu, wasubiri nivune nyanya, zilikuwa zinaanza kuiva.

Mwenye kiwanja akanijibu, "Mzee wangu, kazi si ilikuwa nyoka? Wameisha!"

Wakacheka wote wawili. Lori likamwaga mawe juu ya nyanya zangu, naangalia.

Mpaka leo hakijajengwa kitu. Taka zimerudi.

Funzo: ardhi uliyopewa kwa mdomo itaondoka kwa mdomo. Nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa mwandikiane kwanza, jembe baadaye. Nyie mliofanyiwa hivi semeni mlifanyaje. Pole msiniletee, pole haioteshi mchicha.

Juzi Mama Jeni kaja mbio, nyoka kaingia jikoni kwake. "Baba, huwezi kupasafisha tena pale?"

Nikamwambia, "Mpige picha, mtumie kaka yako."